Fomu inasema amegeuzwa, mgongo wake unasema hakugeuzwa: barua ya wazi kwa uongozi wa makao ya wazee

Kwa:
Mwenyekiti wa Bodi,
Meneja Mkuu, na
Muuguzi Mkuu
wa makao anamoishi mama yangu.

YAH: HUDUMA WANAYOPEWA WAZEE WALIO CHINI YA UANGALIZI WENU

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Barua hii si mwanzo wa malalamiko yangu. Nilianza kwa kuzungumza na wahudumu wa zamu, nikapanda kwa muuguzi kiongozi, nikajaza fomu ya malalamiko mliyonipa nyinyi wenyewe, kisha nikaandika kwa Meneja. Kila mara nilijibiwa kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Kazi hiyo sijaiona, na mama yangu anazidi kudhoofika. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Sitaji jina la makao wala la mhudumu yeyote. Sitaki mtu wa chini abebeshwe mzigo wa maamuzi yaliyofanywa juu. Wahudumu wenu wengi ni watu wema: nimemwona mmoja akimpangusa mama uso kwa upole ambao hata sisi watoto wake tungejifunza kwake, na huyo huyo nikamkuta dakika chache baadaye akikimbia kutoka chumba hadi chumba, jasho likimtoka, kwa sababu alikuwa peke yake korido nzima. Malalamiko yangu ni kwa wanaopanga zamu, wanaosaini ripoti na wanaogawa fedha.

Mama yangu alipata kiharusi. Upande wake wa kulia haufanyi kazi, na kumbukumbu zake zinapungua. Hawezi kujigeuza kitandani, hawezi kushika kikombe bila msaada, na maumivu yake anayasema kwa kulia kuliko kwa maneno. Alipopokelewa mlielezwa haya yote, nanyi mkakubali kumtunza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kidonda cha mgongoni

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu mengine yote yanaanzia hapa.

Mtu asiyeweza kujigeuza huanza kuharibika ngozi ndani ya saa chache tu, pale ambapo mfupa unaibana nyama kwenye godoro: kwenye kitokono, visigino, nyonga na viwiko. Damu haipiti, nyama inaanza kufa. Dalili ya kwanza ni wekundu usiofifia ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, hivyo anayekagua lazima atumie mkono pia, atafute sehemu iliyokoza rangi, yenye joto au iliyo ngumu kuliko ngozi ya jirani. Ikigunduliwa hapo na mgonjwa akaondolewa uzito, kwa kawaida ngozi hurudi. Isipogunduliwa, ngozi hupasuka, kidonda huchimba hadi kwenye mafuta, ambalo ndilo daraja la 3, na kikifika daraja la 4 huonekana msuli au mfupa.

Cha mama yangu kilipatikana kikiwa daraja la 3. Hamkukiona nyinyi. Nilikiona mimi siku nilipoomba nisaidie kumbadilisha shuka, na harufu ilinifikia kabla ya macho.

Kando ya kitanda chake imebandikwa fomu ya kugeuzwa. Inaonyesha kwamba mama anageuzwa kila baada ya saa 2, mchana na usiku, bila kukosa hata mara moja. Mwandiko ni mmoja, kalamu ni moja, saini zimeshuka safu nzima kana kwamba mkono haukuinuliwa. Kuna siku nilikaa naye tangu baada ya chakula cha mchana mpaka giza likaingia. Hakuja mtu kumgeuza. Nilitoka kwenda kuomba maji, niliporudi fomu ilikuwa imeshajazwa: saa 8 kushoto, saa 10 kulia, saa 12 kushoto. Safu ya saa 2 usiku nayo ilikuwa na saini, na saa 2 ilikuwa bado haijafika.

Waheshimiwa, fomu hiyo ndiyo mnayoitoa mnapoulizwa. Niliponyoosha kidole kwenye kidonda, nilionyeshwa karatasi. Naomba mniambie: fomu na mgongo wa mama yangu vikitofautiana, nyinyi mnaamini kipi?

Wala kutabiri hatari hii hakuhitaji mashine. Kipimo cha Braden kimekuwapo tangu 1987. Kinampa mgonjwa alama kati ya 6 na 23 kwa kuangalia mambo sita: anavyohisi maumivu na mguso, unyevu wa ngozi, anavyotembea, anavyojigeuza, anavyokula, na ngozi yake inavyosuguana na shuka. Akipata alama 18 au chini yake, hilo ni onyo, na kadiri alama zinavyoshuka ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Kwenye faili la mama kilijazwa siku aliyopokelewa, kikaonyesha hatari kubwa, na hakikurudiwa tena. Kwa hiyo hamwezi kusema hamkujua. Mlijua, mkaandika, mkafunga faili.

2. Kengele iliyowekwa upande usiofanya kazi

Kengele ya kuita msaada imefungwa upande wa kulia wa kitanda. Mkono wa kulia wa mama ndio uliopooza. Nimeihamisha kila nilipofika, na kila niliporudi nimeikuta kulia. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji mtu mmoja mwenye mamlaka aandike kwenye faili, "kengele iwe kushoto", na mwingine ahakikishe.

Kuna wazee wengine ambao kengele inafikika na wanaibonyeza, lakini haijibiwi. Nimekaa koridoni nikaisikia ikilia mpaka mwenye chumba akachoka, akanyamaza. Mzee anayeomba kupelekwa msalani asipofikiwa hufanya moja kati ya mawili: anajisaidia kitandani, au anainuka mwenyewe na kuanguka. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi harudi kutembea kama zamani.

3. Maji

Kadiri mtu anavyozeeka, hisia ya kiu hupungua, na figo hazihifadhi maji kama zamani. Kwa hiyo kumwuliza mzee "una kiu?" akasema hapana, kisha kuondoka, si huduma. Maji anapaswa kupewa kidogo kidogo kwa ratiba, na kiasi alichokunywa kiandikwe. Mama nimemkuta midomo imekauka hadi imepasuka, jagi limejaa hadi juu, limewekwa juu ya kabati ambako hafiki, na kwenye karatasi pameandikwa kwamba amekunywa vizuri. Upungufu wa maji humfanya mzee aweweseke, apate choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo. Akianza kuweweseka mnasema ni ugonjwa wa kusahau umeongezeka.

4. Kinywa

Jambo hili wengi huliona dogo, nami naomba msilione hivyo. Mtu aliyepata kiharusi hupaliwa kwa urahisi. Mate na mabaki ya chakula yakiingia kwenye mapafu pamoja na bakteria wa kinywa kichafu, nimonia iko mlangoni. Utafiti uliofanywa katika makao 11 ya wazee huko Japani na kuchapishwa 1999 ulilinganisha wazee waliosafishwa kinywa baada ya kila mlo na wale waliobaki na utaratibu wa kawaida, kwa miaka miwili. Waliopata nimonia miongoni mwa waliosafishwa walikuwa asilimia 11. Miongoni mwa wenzao, asilimia 19. Tofauti hiyo ililetwa na mswaki na mtu mwenye subira.

Mswaki wa mama ni mkavu. Nimekuwa nikiugusa kila nikifika. Meno yake bandia nimeyakuta yamelala kwenye kikombe kisicho na maji, na safari moja nilikuta meno ambayo si yake.

Kuhusu chakula, mama anahitaji kulishwa polepole, akiwa ameketi wima, chakula kilicholainishwa, na kuachwa wima kwa muda baada ya kula. Analishwa nusu amelala, kijiko kinafuata kijiko, kwa sababu anayemlisha ana wengine wanaosubiri. Kisha sahani inaondolewa ikiwa imejaa na faili linaandikwa kwamba "amekataa chakula".

5. Dawa za kumnyamazisha

Mama alikuwa akilia usiku. Bila sisi familia kuelezwa, akaanzishiwa dawa ya kutuliza, mojawapo ya zile zinazotumika kutibu magonjwa makubwa ya akili. Sasa halii. Pia haongei, hatutambui, anasinzia mchana kutwa kidevu kikiwa kifuani na udenda ukimtoka. Nilipouliza, niliambiwa kwamba siku hizi ametulia.

Mwaka 2005 mamlaka inayosimamia dawa nchini Marekani, FDA, ilitoa onyo zito kuhusu matumizi ya dawa za kundi hili kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Majaribio 17 yaliyopitiwa yalionyesha kwamba waliopewa dawa hizo walikufa kwa kiwango cha takriban mara 1.6 hadi 1.7 ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa, wengi kwa matatizo ya moyo au kwa maambukizi kama nimonia. Sikatai kwamba zipo hali ambazo daktari hulazimika kuzitumia, kwa mfano mgonjwa akiwa hatari kwake mwenyewe au kwa wenzake. Lakini hutangulia kwanza uchunguzi: je, ana maumivu? Ana choo kigumu? Mkojo umejaa kwenye kibofu? Ana maambukizi? Ana njaa, baridi, hofu? Na hata zikitumika, huanza kwa kiasi kidogo, kwa muda mfupi, zikipitiwa mara kwa mara ili zisimamishwe.

Mama yangu ana kidonda kirefu mgongoni. Niliomba kuona karatasi ya dawa zake: hapakuwa na dawa ya maumivu ya usiku. Mtu mwenye kidonda cha daraja la 3 alilia usiku, akapewa dawa ya kunyamaza. Na tangu anyamaze, hakuna anayekumbuka kumgeuza, kwa sababu aliyekuwa akiita ndiye aliyekuwa akifikiwa. Aliyelewa dawa hali wala hanywi vya kutosha, na asiyekula kidonda chake hakifungi. Haya niliyoyahesabu kwa namba ni jambo moja linalozunguka, na katikati yake yuko mwanamke mmoja.

6. Heshima

Anabadilishwa nepi mlango ukiwa wazi. Anavalishwa nguo za mtu mwingine. Anaitwa kwa namba ya chumba, akiwa anasikia. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Kanuni zake kwa Wazee tarehe 16 Desemba 1991, ulisema wazi kwamba mzee aliye katika makao ya kulelewa abaki na haki zake zote, ikiwamo kuheshimiwa utu wake na faragha yake, na haki ya kushiriki maamuzi kuhusu matunzo yake. Kufunga mlango ni sekunde mbili.

7. Hofu ya wanaolalamika

Hili limenisumbua kuliko nilivyotarajia. Nilipoanza kuuliza, ndugu wa wazee wengine walinivuta pembeni. Wana hadithi zinazofanana na yangu, lakini hawasemi, kwa sababu wanaogopa kwamba wakisema leo, usiku mzee wao ndiye atakayechelewa kufikiwa. Sijui kama hofu yao ina msingi katika makao yenu. Najua kwamba ipo, na kwamba kuiondoa ni wajibu wa uongozi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika vituo vya kulelea wazee, watumishi 2 kati ya 3 walikiri kuwa waliwatendea wazee unyanyasaji wa aina fulani katika mwaka uliotangulia. Kwa hiyo familia ikiuliza maswali haipaswi kuchukuliwa kama adui.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu baadhi nimeshayasikia.

Mtasema ni uzee, na kwamba mwili wa mtu wa umri ule lazima uchakae. Uzee haumwekei mtu kengele upande uliopooza, wala hausaini fomu kabla ya saa kufika. Ni kweli kwamba wapo wagonjwa wa siku za mwisho ambao ngozi yao huharibika hata wakitunzwa vizuri kabisa. Mama yangu hakuwa mmoja wao mlipompokea, na kama sasa amefikia hapo, nataka kuambiwa hivyo na daktari, kwa maandishi, akieleza sababu.

Mtasema wahudumu ni wachache. Nakubali, na ndiyo hoja yangu kubwa. Utafiti wa hospitali katika nchi 9 za Ulaya, uliochapishwa 2014, ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi alihusiana na ongezeko la asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Hiyo ilikuwa hospitali, wala si makao ya wazee, lakini mikono ni mikono. Kama zamu ya usiku haitoshi kuwageuza wote, basi mnajua kila jioni kwamba baadhi hawatageuzwa. Mnaweza kuajiri, au mnaweza kuacha kupokea wakazi wapya mpaka mtakapoajiri. Kinachoendelea sasa ni kupokea wapya na kujaza fomu.

Mtasema mlikaguliwa mkapita. Mkaguzi alisoma fomu zile zile.

Na mtasema, kama hatujaridhika tumhamishe. Kumhamisha mtu mwenye kumbukumbu dhaifu, kidonda kikubwa na mwili uliopooza ni hatari yenyewe, na kitanda chake kitajazwa na mama wa mtu mwingine. Sitaki kukimbiza wangu na kuwaachia wenzangu tatizo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe moja baada ya jingine.

Kwanza, ndani ya siku 7, kidonda cha mama kipimwe na muuguzi mwenye ujuzi wa vidonda, apatiwe godoro la kupunguza mgandamizo, dawa ya maumivu mchana na usiku, na mpango wa lishe ulioandikwa. Kipimo cha hatari ya vidonda kirudiwe kwake na kwa kila mkazi asiyeweza kujigeuza.

Pili, daktari apitie dawa zake zote mbele ya familia, aeleze kila moja inatibu nini, na ile ya kutuliza ipunguzwe kwa utaratibu salama kama haina sababu. Isisimamishwe ghafla. Na mkazi yeyote asianzishiwe dawa ya aina hiyo bila yeye au familia yake kuelezwa na kukubali.

Tatu, idadi ya wauguzi na wahudumu waliopo kwenye kila zamu, pamoja na idadi ya wakazi wanaowahudumia, ibandikwe mlangoni kila siku. Si ya kwenye ratiba, ya waliofika.

Nne, fomu zijazwe pale pale kazi inapofanyika, na mtu asiye wa zamu hiyo afanye ukaguzi wa kushtukiza, hasa usiku na mwisho wa wiki, akilinganisha kilichoandikwa na hali ya mkazi mwenyewe kitandani. Na mhudumu atakayeandika "sikuweza kumgeuza, tulikuwa wawili tu" asiadhibiwe. Huyo ndiye anayewaambia ukweli mnaouhitaji kuliko mwingine yeyote hapo ndani.

Tano, iundwe kamati ya familia itakayokutana na Bodi, Meneja akiwapo, na kila lalamiko lipewe namba, tarehe na jina la anayelishughulikia.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu leo. Yasipokuja, nitapeleka barua hii, pamoja na picha za kidonda na nakala za fomu zenye saini za saa ambazo hazijafika, kwa mamlaka iliyowapa leseni. Jina langu na la mama mnayo ofisini, na nambari yangu ya simu iko kwenye ukurasa wa kwanza wa faili lake. Huwa nipo chumbani kwake jioni. Muuguzi Mkuu akipenda tukitazame kidonda pamoja, aje siku yoyote, na aje na fomu.

Wenu,

Mtoto wa mmoja wa wakazi